Uzinduzi wa Albamu ya Kwanza ya Tindra Öhlund Mjini Granträsk

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Granträsk, Mheshimiwa Makamu wake, Mchungaji wetu, wakuu wa Idara za Barabara, Michezo na Afya, msanii mwenyewe Tindra, na ninyi wananchi mliofuata mikate ya mdalasini, itifaki imezingatiwa! (Makofi machache. Sauti: “Anza, Torvald, kahawa inapoa!”) Naomba niitwe Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni. (Sauti: “Haya, Torvald!” Kicheko.)

Leo tunaandika historia. Miaka miwili iliyopita binti huyu alikuja ofisini kwangu na gitaa na nyimbo tisa za pop, akaomba ufunguo wa studio ya kituo cha vijana kwa Jumamosi moja tu. Ofisa mwenye upeo mfupi angempa ufunguo. (Sauti: “Ungempa, basi!”) Mimi, kwa kuzingatia mkakati jumuishi wa maendeleo endelevu ya sauti, nilimtaka kwanza aikabidhi Halmashauri nyimbo hizo, asiziimbe popote mpaka mradi ukamilike, kisha, kama ulivyo utaratibu wetu Waswidi wa kutogusa jambo kabla kila mtu hajaulizwa, nikazipeleka kwa wadau wote watoe maoni.

Na maoni yalikuja! Idara ya Barabara ilipinga wimbo wa theluji, kwa kuwa unadokeza kwamba theluji hiyo haikuzolewa. (Sauti: “Haikuzolewa!”) Idara ya Michezo ikakataa wimbo ambamo kijana anamwacha mpenziwe kwenye uwanja wa hoki, jengo la umma lisilokusudiwa kwa matumizi hayo. Baraza la Wastaafu lilitaka ngoma zipunguzwe, Baraza la Vijana likataka ziongezwe, nasi kwa hekima tukaziondoa kabisa, hata ridhaa ya wadau ikapanda kufikia asilimia mia moja na nne. (Makofi ya Makamu Mwenyekiti, peke yake.)

(Tindra anasimama: “Torvald, watu wa redio ya mji wa Umeå wananingoja Jumatatu, na hawatangoja tena. Nirudishie nyimbo zangu.”) Keti, binti yangu. Kipaji hukomaa kwa subira. (Tindra: “Subira gani? Yule kijana wa hoki keshaoa, ana mapacha!” Kicheko kirefu. Mchungaji anajifuta machozi.)

Wapo wanaouliza kwa kejeli, santuri iko wapi? Jalada hili hapa! Ndani mna nafasi ya kutosha kwa maoni yatakayochelewa. Granträsk, pop kwa wote! Maoni kwanza, muziki baadaye! (Sauti: “Kahawa imeshapoa!”)

Namalizia kwa kuwashukuru nyote, hususan watumishi wangu, ambao hakuna mkaguzi atakayewagusa, kwa sababu mradi husajiliwa maoni yakikamilika, nayo hayajakamilika; hivyo, kwa mujibu wa kanuni, mradi huu mnaouzindua nami leo haujawahi kuwapo. Ahsanteni sana!

(Tindra: “Rudia hapo, Torvald.”)

Haujawahi kuwapo.

(Tindra: “Basi hakuna niliyemkabidhi kitu.” Anafungua mkoba wa gitaa.)

Tindra, binti yangu, ngoja kwanza, suala hilo halijapelekwa kwa... Waheshimiwa, naomba utulivu... Makamu Mwenyekiti, tafadhali usipige makofi kwa mdundo!

(Wimbo wa theluji unaanza. Mkuu wa Barabara anatazama viatu vyake. Ukumbi mzima umesimama.)