Bomba la Kupuliza na Jicho Langu la Kushoto

Jumatatu, 1 Desemba
Mimi ndiye niliyebuni bomba la kupuliza vishale, kaskazini yote hii. Bomba la plastiki la nyaya za umeme, karatasi imeviringishwa ikachongoka, pfuu! Haya, si mimi. Ni Eildert, jirani yangu, tukiwa watoto. Mimi nilikuwa shabaha.

Wajukuu wangu, Fenna na Tjaard, wanataka mabomba hayo kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, Ijumaa. Mama yao, Marije, kakataa katakata. Mkwe wangu huyu anafanya kazi kliniki ya macho, na kila Desemba hupokea watoto waliochomwa na vitu vya kuchezea. Akanionya: baba, nikiona bomba hata moja, jioni ya zawadi utakula biskuti zako kwako, na paka.

Sina paka. Ndiyo ubaya wenyewe.

Jumanne, 2
Wanasema akili ni nywele. Mimi nina upara, lakini leo umeota unywele mmoja! Watoto wakiwa na miwani ya fundi, Marije atasema nini? Nimenunua mitatu, migumu, imeziba mpaka pembeni. Eildert kasema nafanana na chura aliyeshiba. Nikamwambia kesho aje anipulizie, tufanye utafiti.

Jumatano, 3
Utafiti umefana. Hatua tano, vishale kumi na vinne. Tik! Tik! Vyote vikadunda. Nikapandisha miwani kwenye paji nimpongeze Eildert. Naye alikuwa na cha kumi na tano mdomoni.

Lo!

Kliniki. Nani yuko mapokezi? Marije. Nikasema tawi la mti limenichapa. Akauliza mti gani, baba, kwako si nyasi tupu mpaka upeo wa macho? Daktari kasema jicho limechubuka, litapona. Matone, kiraka, siku nne. Marije akanisindikiza mpaka mlangoni. Ndipo akaniambia mwaka jana alimshika mkono mtoto wa miaka sita ambaye jicho lake halitaona tena. Kisha: Ijumaa usije.

Sauti ya chini. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 4
Nimelala chali, nawaza kwa jicho moja. Nimepata! Zawadi za sikukuu hii hazina jina la mtoaji. Unaacha gunia mlangoni, unagonga kwa kishindo, unatimua mbio, na wote wanasema ni Mtakatifu. Kuuliza ni kukosa adabu. Hata Marije hawezi! Nimetia mabomba mawili, miwani miwili, na shairi la utani kama desturi. Nimeliandika kwa mkono wa kushoto nisijulikane. Mimi huandika kwa kushoto siku zote. Nimekumbuka baadaye.

Ijumaa, 5
Nimegonga. Nimetimua mbio. Jicho moja halipimi umbali: baiskeli ya Fenna ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Mlango ukafunguka, Mtakatifu yuko chini kakumbatia usukani. Tjaard akapiga kelele, mama, Mtakatifu ana upara!

Marije akatazama gunia. Akatazama kiraka. Nikajua nimekwisha. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema haya ingia, baba, ila mabomba yabaki nje, na hicho kiraka ukivue kidogo.

Akaniketisha chini ya taa, watoto wachungulie. Fenna akahesabu mishipa myekundu, alipofika kumi na tisa akaacha. Akasema babu, mabomba hatuyataki tena. Miwani wakaivaa mpaka kitandani. Mimi nikala herufi ya kwanza ya jina langu, ya chokoleti, kama kila mtu sikukuu hii. Mimi ni Wubbe. Hakuna herufi pana kama hiyo.

Jumamosi, 6
Nimejifunza mengi. Marije yuko sahihi, bomba la kupuliza si kitu. Ni dogo mno! Mwaka Mpya unakuja, na hapa kwetu watu hufyatua kopo la chuma la maziwa: karbaidi kidogo, lile jiwe linalotoa gesi likilowa, maji kidogo, moto, na kifuniko kinaruka mpaka shamba la pili. Hiyo ndiyo burudani ya kuwaonyesha wajukuu!

Eildert, ukurasa huu nitauchana nikuletee mwenyewe. Jicho ni langu, pumzi ilikuwa yako, na Marije sijamwambia nani alipuliza. Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo tu. Niazime lile kopo la maziwa la marehemu baba yako. Lile kubwa. Na kifuniko chake.