Jinsi Jemadari wa Makochi Alivyoungama Mbele ya Mkewe

Enyi mlioketi na mliosimama, zimeni redio, nyamazisheni watoto, tegeni masikio! Nawaletea habari za mwanamume aliyekikabili kiti kwa kifua chake, akajeruhiwa, akafikishwa mbele ya wenye elimu ya tiba, na huko akatenda tendo ambalo wanaume wengi wenye ndevu nzito wamelikimbia. Msicheke kabla sijafika.

Mtaani walimwita Jemadari wa Makochi, maana hapakuwa na sofa iliyobonyea wala kiti kilichotoa sponji nje ambacho hakikusalimu amri mbele ya nyundo yake. Lakini mwaka juzi moyo wake mwenyewe ulimwasi. Ulimwangusha mlangoni pa karakana, akalazwa, mshipa ukazibuliwa, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Tangu siku hiyo mkewe akashika utawala. Ndoo asiguse. Nyundo asiguse. Hata chai aliletewa mkononi, na kikombe kikafuatwa kikiisha. Na yeye, aliyewahi kubeba kochi la watu watatu begani, akawa mtu wa kukaa barazani na kuwajua nzi kwa sura.

Ikatokea asubuhi moja, mama watoto akiwa sokoni, kinyozi wa jirani akaja akikokota kiti kilichochanika.

"Fundi, wateja wangu wanakalia mbao. Niokoe, kaka."

Loo! Damu ya Jemadari ilichemka. Alikizunguka kiti kile, akakipima kwa jicho, akanguruma: "Ewe kiti! Umekuja kwa mtu aliyepokonywa silaha nyumbani kwake. Leo utavaa ngozi mpya, au mmoja wetu atalala chini!"

Vita vikaanza. Akakibana kiti ukutani kwa kifua, kama alivyozoea tangu ujana wake, ili mikono yote miwili ibaki huru kuvuta ngozi, huku misumari ameishika kwa midomo. Alivuta, kiti kikasukuma. Akasukuma naye kwa nguvu zake zote, mguu wa kiti ukiwa umemkaa sawasawa kwenye mbavu. Kikapu cha sokoni kiliporudi, kiti kilikuwa kimevaa, kimeshachukuliwa na mwenyewe, na Jemadari amerudi barazani kwa nzi wake, uso mtakatifu kabisa.

Kesho yake, alipojinyoosha kitandani, kitu kikamchoma kifuani upande wa kushoto, akashindwa hata kumalizia miayo. Hapo, ndugu zangu, mzaha uliisha. Jasho lilimtoka. Moyo umerudi, alijiambia, na nimeuita mwenyewe, kwa kiti cha kinyozi. Aliogopa kufa, tena aliogopa sana. Mkewe alimtazama usoni mara moja tu, akaita teksi.

Hospitalini alivuliwa shati, akabandikwa waya kifua kizima, akatolewa damu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti.

"Baba, jana ulifanya kazi yoyote ya nguvu?"

Jemadari alimtupia jicho mkewe, aliyesimama kichwani pa kitanda na mfuko wa dawa.

"Mimi? Nilikaa, daktari. Nilisikiliza redio. Niulizeni taarifa ya habari niwape yote!"

"Simruhusu hata kufagia," mkewe akaongeza kwa fahari.

Basi wakangoja. Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka vilevile kama cha zamani. Damu ya kwanza ikaja safi. Wakatoa nyingine baada ya saa kadhaa, nayo ikaja safi. Daktari akakunja uso.

"Moyo hauonyeshi tatizo jipya. Lakini mtu mwenye ugonjwa wako hatumpuuzi. Nikikosa sababu nyingine itabidi nikulaze, tuendelee kupima."

Aliposikia neno kulaza, mama watoto alikaa chini ghafla. Daktari naye akanyoosha kidole, akabonyeza polepole pembeni mwa mfupa wa kifua.

"Yalaaa!" Ukelele huo ulisikika hadi dirisha la dawa.

"Ni maumivu yaleyale?"

"Yaleyale!"

"Hapa ndipo ubavu unapoungana na mfupa. Pameumia. Kuna kitu kimekugonga, baba? Umesukuma kitu?"

Jemadari aligeuza kichwa atunge uongo wa pili, akamwona mkewe. Mama wa watu alikuwa akilia bila sauti, akikunja na kukunjua ule mfuko, ameshamzika mumewe kichwani mwake. Na shujaa wetu, ambaye hajawahi kukimbia sofa, alitamani kukimbia. Hakukimbia. Alijiinua kwa kiwiko, akapaza sauti:

"Sikilizeni nyote! Mke wangu, daktari, na wewe mzee wa kitanda cha pili unayejifanya umelala! Sitaficha tena. Nilisukuma kiti!"

"Kiti gani?" mkewe akauliza.

"Cha kinyozi."

"Ulikisukuma na nini?"

"Na kifua, mke wangu."

"Yaani machozi yote haya ni ya kiti?"

Mzee wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Daktari alijikaza.

"Mlifanya vizuri kuja, mama. Mwenye ugonjwa wa moyo naye huumwa mbavu, huumwa misuli, hata tindikali ya tumbo humchoma kifuani. Lakini msikae nyumbani mkibahatisha. Yakirudi, njooni tena mbio. Na asijinunulie dawa za maumivu dukani, nyingine hazifai kwa moyo wake. Atumie hizi nitakazompa."

"Na kazi?" Jemadari akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye faili lako kazi nyepesi uliruhusiwa zamani. Viti usivisukume kwa kifua, basi. Nani alikukataza?"

Macho yote yakahamia upande mmoja.

"Mimi," mama watoto akasema. "Kila akiinama namwona anaanguka tena pale mlangoni. Naogopa, daktari. Kila siku naogopa."

Jemadari, bingwa wa hotuba, akamshika mkewe mkono.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Nilijiona mzigo tu mle ndani."

"Mzigo ni mzigo kweli," akajibu, akijifuta uso kwa kanga. "Lakini ni wangu. Vaa shati twende."

Akavaa. Walipofika kwenye ngazi, mama watoto alisimama, akavua mkoba wake begani, mkoba mzito wa mama mwenye nyumba, akautazama, akamtazama mumewe, akashusha pumzi.

"Haya, shika."

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba siku hiyo mchana kweupe, mbele ya wauguzi, wagonjwa na mlinzi wa geti, Jemadari wa Makochi alibeba mkoba wa mkewe kutoka ngazi ya juu hadi ya chini bila kusaidiwa na mtu. Aliubeba kwa mkono wa kulia. Wa kushoto mkewe alikuwa ameushika, na hakuuachia hadi nyumbani.