Maganda Kutoka Kibandani

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimejiunga na Kikundi cha Mazingira cha hapa mtaani Woodley. Si kwa ajili ya mazingira. Ni kwa ajili ya Wanjugu, katibu wao, mwalimu wa chekechea, anayepita mbele ya geti letu kila asubuhi na kiondo chake begani. Tangu nihamie hapa Januari nimemsalimia mara kumi na moja. Ameitikia mara kumi na moja. Kivuva, miaka arobaini na sita, karani wa masijala, unahesabu salamu! Ndiyo, nahesabu.

Mkutano wa kwanza leo, baada ya kanisa. Tumepewa tabia mpya. Kutenga maganda ya jikoni, yawe mbolea ya kitalu cha miche. Kwenda kazini kwa miguu kila Jumanne. Kuzima taa. Nilikuwa nasinzia. Kisha Wanjugu akatangaza kwamba atakayeleta ndoo bora ya maganda Jumamosi atalea kitalu pamoja naye, msimu mzima wa mvua. Kila asubuhi saa kumi na mbili. Watu wawili, mkebe mmoja wa kumwagilia. Miezi mitatu! Usingizi ukaniruka.

Kiarie, ambaye ana ng'ombe kwao Kabiria na haachi kuwataja, akasema ndoo yake ni kama imeshajaa. Simpendi Kiarie.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kutembea. Mpango: kumsindikiza Wanjugu hadi shuleni kwake, kando ya Ngong Road, kisha nimalizie njia ya mjini peke yangu, nikiwa na furaha. Nilivaa viatu vipya. Kosa! Kabla ya kufika maduka ya Adams Arcade kisigino kilikuwa kimechubuka. Kiarie naye akatokea na baiskeli. Hata hakuipanda. Aliikokota, kiondo cha Wanjugu kikiwa kwenye keria, huku akieleza samadi inavyopaswa kupoa kabla ya kutumika. Mimi nyuma, nachechemea.

Wanjugu aligeuka mara moja, akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa kabisa. Walipopotea mbele nikapanda bodaboda.

Aligeuka mwili mzima, si shingo tu. Nimelifikiria hilo ofisini tangu saa mbili, viatu nimevivua chini ya meza. Mtu asiyekujali hageuki mwili mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Ndoo haina kitu. Mimi sipiki. Asubuhi chai na mkate, jioni vivyo hivyo, na mchana nakula kwa Nzembi, mwenye kibanda nyuma ya ofisi. Mavuno ya siku nne: majani ya chai na ganda moja la ndizi. Nilikaa nikaitazama ile ndoo. Nyumba ya mtu mmoja haina hata takataka za maana. Iliniuma kuliko kisigino.

Mchana nikiwa kwa Nzembi nikaona gunia la maganda karibu na jiko. Nikamwomba. Akauliza kama siku hizi nafuga nguruwe. Nikasema ni mambo ya mazingira. "Beba tu, Kivuva," akasema. "Hata kesho kuja. Hizi mimi natupa."

Nimebeba!

Jumamosi, 8 Machi

Pale kitaluni kila mtu humwaga ndoo yake mbele ya wenzake. Wanjugu huchambua kwa kijiti, akitaja kwa sauti anachokiona, kisha anaandika. Ya Kiarie ilikuwa nusu: mabua ya sukuma wiki na maganda machache. Nilikaribia kumwonea huruma. Yangu ilikuwa imefurika, mfuniko haufungi.

Wanjugu akaanza kutaja. Maganda ya waru, yaani viazi, mengi. Maganda ya mayai, ishirini na mawili. Mabua ya mboga ya managu. Maganda ya ndizi za kupika. Boga. Akaligeuza lile ganda la boga kwa kijiti, taratibu. Akauliza mtoto wangu ana miezi mingapi, maana kwao mtoto akianza kula huanzishwa boga.

Nilipaswa kusema ukweli. Lakini Kiarie alikuwa ananikodolea macho, na ukweli ungempa kitalu. Mdomo ukajisemea wenyewe: saba.

Wote wakanipa mkono. Wakasema nyumba inayopika hivi ina baraka. Ndoo yangu ikatangazwa bora. Kitalu akapewa Kiarie! Wanjugu alieleza kwamba si haki kumtoa baba wa mtoto mchanga nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, mama atasaidiwa na nani?

Sina hata mama wa kusaidia.

Jumapili, 9 Machi

Wanjugu alinisubiri nje ya kanisa. Akaniomba radhi. Alisema amekuwa akiniona dukani nikinunua nusu mkate, akadhani naishi peke yangu. Alikuwa amepanga kuniomba mwenyewe nije kitaluni, hata bila ndoo. Akacheka kidogo, akitazama chini. "Mimi pia hununua nusu," akasema. Kisha akaniambia nimsalimie mama mtoto.

Yeye pia hununua nusu! Tungekuwa tunanunua mzima. Nimelala kitandani mchana kutwa na nguo za kanisa, nikimtamani hadi kifua kinauma.

Jumatano, 12 Machi

Nilipita kitaluni asubuhi nimuungamie. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Nikawaona kupitia ua wa michongoma. Kiarie anamwagilia, Wanjugu anacheka. Kicheko chake hukifunika kwa mkono wenye udongo, kisha udongo unabaki shavuni. Ningetoa chochote niwe mimi wa kumwambia kwamba ana udongo.

Karatasi nikairudisha mfukoni. Nikikiri, atanichukia kwa ajili ya mke wa kubuni na atanichukia tena kwa ajili ya maganda. Heri mke aniache. Mwanamume aliyeachwa huhurumiwa. Sitasema neno. Nitapeleka ndoo yangu halisi, na Wanjugu ataisoma mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimwaga majani ya chai na ganda moja la ndizi. Wanjugu akaelewa papo hapo. Akauliza mke na mtoto wameenda wapi. Nikasema Kitui, kwa mama yake, tumekosana. Nikainamisha kichwa. Mambo yalikuwa yananyooka kabisa.

Akawaita watu wote. Tukashikana mikono kuzunguka shimo la mbolea. Mkono wake ndani ya wangu! Una joto, na kidole cha shahada kina sugu. Nilitaka maombi yasiishe. Akamwomba Mungu amrudishe mke wangu na mtoto kabla mvua haijaanza. Aliomba kwa machozi. Kiarie akasema amina. Na mimi nikasema amina, kwa sauti.

Mwishowe akaahidi kwamba yeye na Kiarie watakuwa wakituombea kila asubuhi, wakishamaliza kumwagilia.

Jumapili, 16 Machi

Sasa nimeona nilipokosea. Mke aliye hai anaweza kurudi, ndiyo maana Wanjugu ana matumaini. Kusema ukweli kwa sasa kutawachanganya watu bure.

Kwa hiyo mke wangu atafariki Jumatano. Ghafla, bila mateso. Mtoto atabaki na nyanya yake. Nitatangaza kwenye WhatsApp ya kikundi kwa maneno machache, mtu asijisumbue. Wanjugu atakuja kunipa pole, peke yake, na hapo ndipo tutaanza kuzungumza. Nasikia Kiarie ndiye mwenyekiti wa kamati zote za mazishi hapa mtaani, na kwamba ana pikapu. Hilo halinihusu. Kitui ni mbali. Hakuna atakayetaka kuliona kaburi.