Mafua ya Horace

Jumatatu, 6 Oktoba
Horace ana mafua. Kobe! Anatembea na nyumba mgongoni, halafu anapigwa na baridi. Mapovu mawili puani, moja likipasuka jingine linaanza. Kosa ni langu, naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: wiki iliyopita nilimsahau bustanini usiku mbili za mvua. Nilikuwa nimechoka. Tangu nistaafu nachoka sana.

Daktari wa wanyama, Bi Nuttall, kanipa masharti. Taa ya joto mchana kutwa. Kuogeshwa maji ya vuguvugu kila asubuhi. Sindano kila baada ya siku tatu, na mchomaji ni mimi. Asitoke nje. Na ile friji ndogo, ambamo kobe wa huku kwetu hulazwa usingizi wa miezi yote ya baridi, niisahau mpaka pua ikauke na mwili urudi, maana kobe akilazwa mgonjwa haamki tena. Nikasema nimeelewa. Akasema, "Pole, mzee." Nina miaka sitini na mmoja!

Balaa lenyewe ni hili. Tarehe 19 Mama anatimiza miaka tisini. Kila mwaka siku hiyo Horace huwekwa mapajani mwake, amuage kabla hajalala. Juzi nilimwambia kwenye simu kwamba Horace anakula kama nzige.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimelowa mpaka viwikoni. Horace hataki beseni. Sindano nusura nijichome mwenyewe. Baadaye nilikaa jikoni nikaitazama ile friji yake ndogo, safi, tupu. Nikamtazama Horace. Nikaitazama friji tena. Akilala yeye, nami napumzika mpaka Machi. Akapiga chafya, nikaona haya, nikaenda kuwasha taa.

Jirani yangu Bi Dilys Treadgold alichungulia juu ya ua. Huyu ndiye katibu wa chama chetu cha wafuga kobe. Kobe wake, Clementine, hupanguswa gamba kila asubuhi, na friji yake ina kengele inayolia joto likipanda kidogo tu. Akaniuliza kama ni kweli nimeonekana kwa daktari. Nikasema nilipita kusalimia. "Bwana Pask," akasema, "wewe hata ua la chunguni lilikushinda."

Ijumaa, 10 Oktoba
Jana nilimbembeleza daktari kwenye simu. Akakubali kwa shingo upande: uzito ukipanda gramu hamsini, Horace anaweza kwenda kwa Mama saa moja, ndani ya sanduku la joto. Akili ikanijia papo hapo. Kobe akioga, hunywa!

Leo nikamlowesha dakika arobaini, nikamfuta, nikakimbia naye kliniki. Jumatatu alikuwa 1,350. Leo mizani ikasoma 1,420. Gramu sabini kwa siku nne! Daktari akainua nyusi. Nikaanza kuyasifia mapishi yangu. Horace akaona hapohapo ndipo pa kujisaidia. Mizani ikalowa, mafaili yakalowa, viatu vya daktari vikalowa. Kupimwa tena: 1,350, haijazidi hata gramu.

Daktari akasema, huku akijipangusa, kwamba hila hiyo anaijua, ila kwa kawaida huletewa na watoto. Horace haendi popote. Nimerudi nyumbani nimechoka mwili na roho.

Jumatatu, 13 Oktoba
Siku tatu za kuwaza. Mama haoni, huu mwaka wa tatu. Kwake kobe ni uzito mapajani na kucha zinazokwaruza sketi. Kobe ni kobe. Ninachohitaji ni kobe mzima, na yuko hapo tu ng'ambo ya ua.

Nikamwambia Bi Dilys kwamba kwenye makao ya wazee anakoishi Mama wamesikia habari za Clementine, wanatamani kumwona kobe mzuri kuliko wote wa huku kwetu Norfolk. Akasema alijua tu siku moja watu watagundua. Mpumbavu husifiwa akavua nguo! Ila alipo Clementine na yeye yupo. Hilo sikulipigia hesabu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Tundu! Nimelisahauje tundu?

Horace ana tundu ukingoni mwa gamba, nyuma, upande wa kulia. Marehemu Baba alilitoboa kwa keekee, enzi zile kila mtu alipokuwa akimfunga kobe kamba asitoroke. Leo ukifanya hivyo Bi Dilys atakufikisha mahakamani. Mama hulitafuta tundu hilo kwa kidole kabla hajatamka neno. Clementine hana tundu. Clementine hana hata mkwaruzo.

Nimepata dawa: kile kiduara cha mpira cha kwenye bomba la maji, chenye tundu katikati. Nimekipaka dawa ya viatu nyeusi. Kitabandikwa kwa chingamu. Horace alikuwa akinitazama muda wote chini ya taa yake. Leo kala jani moja la mchunga, la kwanza tangu augue. Nilifurahi mpaka nikampigia makofi.

Jumapili, 19 Oktoba


Tulifika saa tisa. Bi Dilys kavaa kofia. Nikamwambia aende akajitwalie chai na keki, na wakati huo nikabandika mpira pale mlangoni pa Mama, chingamu ikanigandia vidoleni. Nikamweka Clementine mapajani mwa Mama. Nikasema, Mama, Horace amekuja kukuaga.

Mama akatabasamu. Kidole kikaenda nyuma, upande wa kulia, kikalipata tundu. Tundu likabanduka. Mama akalishika mkononi, akalinusa.

"Dawa ya viatu," akasema.

Nikaficha vidole vyenye chingamu nyuma ya mgongo.

"Wilfred, Horace amekufa?"

Sijawahi kuisikia sauti ile kwa mama yangu. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeogopa. Nikasema hapana Mama, wallahi hapana, yu hai, anaumwa mafua, yuko chini ya taa, na yote niliyokwambia kwenye simu ni uongo. Akaanza kulia. Nami nikalia. Clementine akaanza kutafuna pindo la sketi.

Alipotulia akasema, "Baba yako angalau alitumia keekee."

Ndipo akanieleza. Horace wa kwanza alikufa nikiwa na miaka saba. Alipata mafua mwezi wa kumi. Baba alikuwa amechoka, akataka yaishe, akamlaza vilevile kwenye sanduku la majani makavu bandani. Masika ilipofika hakuamka. Nilikuwa nikienda bandani kila siku kumgongea sanduku, wakashindwa kuniambia. Baba akaenda sokoni, akaleta kobe mwingine, akamtobolea tundu juu ya meza ya jikoni, mahali palepale lilipokuwa la yule wa kwanza, nisigundue.

"Miaka hamsini na nne nimelishika tundu hilo," Mama akasema, "na kila nikilishika namkumbuka yule tuliyemuua kwa uchovu. Usimlaze huyu, mwanangu. Hata ukichoka vipi. Na kila Jumapili uniambie uzito wake. Ule wa kweli."

Nikaapa. Bi Dilys alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Amesikia yote. Akambeba Clementine, akapangusa chingamu kwa leso, akanishukuru kwa adabu. Hilo lilinitisha kuliko matusi.

Jumapili, 26 Oktoba
Wiki nzima nimemwogesha, nimemchoma, nimemlisha. Mgongo unaniuma. Pua imekauka! Jana kliniki, bila maji, bila hila: 1,362. Gramu kumi na mbili.

Njiani kwenda kwa Mama nikawa nawaza. Gramu kumi na mbili ni nini? Biskuti moja. Mtu wa miaka tisini umpelekee biskuti moja? Nikamwambia 1,400, na kwamba Horace ameanza kunenepa shingo.

Mama akaendelea kunywa chai. Kisha akasema ni ajabu, maana tangu wiki iliyopita Bi Dilys anakuja kumsomea gazeti, na ndiye aliyemtafutia namba ya kliniki. Jana jioni daktari mwenyewe alimwambia: gramu kumi na mbili. "Nililia kwa furaha, Wilfred," akasema, "mpaka wauguzi wakaja mbio. Kumi na mbili, mwanangu. Zilinitosha."

Niliona aibu. Niliona aibu kweli, kutoka pale mpaka kituo cha basi.

Kwenye basi nikatulia, nikagundua kosa langu lilipo. Nilikwenda kwa Mama bila kuzungumza kwanza na daktari. Jumamosi ijayo nitampelekea keki, tupatane namba moja sote wawili. Bi Dilys naye anapenda keki.