Upau wa Juu wa Dirisha Langu

Jumatatu, 13 Oktoba

Tik. Sauti hiyo tu imebaki nami tangu asubuhi. Tik, kimya, tik. Bi Ancha, mtangazaji wetu, akibonyeza kipanya kwenye kona ya juu kulia ya dirisha la programu yangu ya kupigia muziki wa vipindi, mahali ambapo hapana kitu. Alikuwa anatafuta kitufe cha kulifungia. Alibonyeza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye ukuta.

Nieleze, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wasiojua. Kompyuta ya redio yetu ya jamii hapa Palma inatumia Linux. Mfumo huo unalivika kila dirisha upau juu yake: jina katikati, vitufe vitatu kulia, rangi ya bati. Programu zote sare moja, kama wanafunzi mstarini. Yangu nimeivua sare. Nimeichorea upau wangu mwenyewe, mwembamba, wa rangi ya msiro, ule unga mweupe wa mti, uliokauka usoni mwa bibi arusi. Vitufe viko kushoto. Vinajificha mpaka kishale kikaribie.

Ni kazi safi. Nimeifanya kwa miezi.

Valter, mshindani wangu, naye ameleta programu yake. Imevaa bati la mfumo bila haya. Ijumaa, baada ya sala, Dona Nazira, mkuu wa redio, atachagua moja, na mwenye nayo atakuwa técnico, fundi mitambo wa redio. Nimerudi kutoka Nampula na shahada yangu mwaka wa pili huu, nimekaa nyumbani nawasomesha binamu zangu hesabu. Nafasi hii ni yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamua kumfundisha Bi Ancha kwa siri. Nilimpelekea vitumbua. Alikula vyote, kisha akasema yeye hana ugomvi na programu yangu, inasema Kiswahili, inamheshimu. Ila kile kitufe! Alisema kinamkimbia kama mkwe aliyemkuta njiani.

Nikamweleza habari ya uzuri. Nikamwambia upau ni uso wa dirisha. Akasema msiro hupakwa usoni, mwanangu, haupakwi kwenye kitasa cha mlango.

Nimeliandika hilo ili nilipinge baadaye.

Lakini nimegundua jambo. Bi Ancha hasomi vitufe. Hajui kulia wala kushoto kwenye kioo. Alifundishwa kwamba dirisha hufungwa upande wa msikiti, na msikiti uko kulia kwake anapokaa. Mkono unakwenda wenyewe.

Basi shida si upau wangu. Shida ni meza!

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeigeuza meza. Nilifika kabla ya watu. Sasa Bi Ancha anaelekea mashariki, na msikiti uko kushoto kwake. Akakaa, akasoma bismillahi, mkono ukaenda upande wa msikiti, kitufe kikajitokeza, dirisha likafungwa. Mara ya kwanza! Nilikwenda uani nikashukuru peke yangu.

Furaha haikufika adhuhuri. Jua linaingia mlangoni na kumpiga usoni. Amejifunika kanga pamoja na kompyuta, anafanya kazi mle ndani kama mpiga picha wa zamani. Na madirisha mengine yote, yenye bati, sasa hawezi kuyafunga. Yamejaa kwenye kioo kama nguo zisizoanuliwa.

Valter aliingia, akasimama, akaitazama meza. Akauliza kwa sauti, wote wasikie, akiniita dada kwa Kireno: Mana Nafisa, umehamisha na kibla? Walicheka mpaka mlinzi. Nikamjibu kwamba huko kwao Mueda labda hawajali mpangilio wa vitu. Akasema huko kwao Mueda mtu akitaka kufunga mlango anasogeza mlango, hageuzi nyumba.

Simpendi mtu huyu. Ana majibu tayari.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Kila Alhamisi saa nne Bi Ancha husoma matangazo ya kutafutana. Tangu watu walipokimbia vita, wengine hawajaonana mpaka leo. Leo alikuja kaka Chamsudine, mvuvi wa Macaloe. Anamtafuta dada yake, Mariamo. Walipotezana njia panda ya Awasse, kila mmoja akapanda gari lake akidhani mwenziwe yuko nyuma. Amepata habari kwamba mwanamke wa jina hilo hufika Namoto, mpakani, kila Alhamisi na wachuuzi, hunywa chai, kisha huvuka tena kwenda Tanzania. Kwenye banda lile la chai redio yetu huwa wazi. Kwenda mwenyewe hawezi. Vitambulisho vyake viliungua, na vizuizi njiani ni vingi.

Kwa hiyo leo. Saa nne. Jina moja.

Dona Nazira aliandika tangazo kwenye kompyuta. Bi Ancha akafungua programu yangu, ikapiga muziki wa kufungulia kipindi, vizuri kabisa. Dirisha langu likakaa juu ya tangazo. Akalishika upau alisogeze pembeni. Halikusogea. Akavuta tena. Halikusogea!

Sikuwa nimeufundisha upau wangu kuvutwa. Upau wa mfumo unajua kuvutwa bila kuambiwa na mtu. Wangu ulijua kupendeza.

Akataka kulifunga. Kwa hofu mkono wake ulirudi kona ya zamani. Kanga ikamwangukia. Muziki ukaisha, ukaanza upya. Ukaisha, ukaanza upya. Nilikuwa uani nikimweleza mlinzi maana ya ubunifu. Nilipoingia mbio na kulifunga dirisha, tangazo likaonekana, Bi Ancha akafungua kinywa, na habari za kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, zikaingia hewani. Hizo hazimsubiri mtu.

Kaka Chamsudine alikuwa amesimama mlangoni, redio ndogo sikioni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: dada, mbona jina lake halikutoka? Nikaanza kumweleza tofauti ya upau wa mfumo na upau wa kuchorwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ahsante.

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Usiku kucha nilijipa hukumu. Asubuhi nikautoa upau wangu. Ni mstari mmoja tu wa kufuta, kisha bati la mfumo likashuka lenyewe. Meza Bi Ancha alikwisha kuirudisha. Dona Nazira akaruhusu tangazo lisomwe leo, ingawa si siku yake. Dirisha likasogea kama mtu anayempisha mzee. Bi Ancha akalitaja jina mara tatu, taratibu: Mariamo, dada yake Chamsudine wa Macaloe.

Kabla ya sala simu ikaita. Mchuuzi wa samaki, yuko njiani kwenda Awasse. Alisema jana alikaa na Mariamo huyo kwenye banda la chai. Redio ilikuwa wazi. Ilipiga muziki mmoja tu, tena na tena, Mariamo akacheka, akasema hao Palma leo wana arusi. Kisha akavuka.

Kaka Chamsudine alikaa chini palepale kwenye sakafu. Yuko hai, alisema. Anacheka. Kisha akatuuliza kama Alhamisi ijayo litatoka. Dona Nazira akasema litatoka. Nami nikasema litatoka. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Baada ya sala Dona Nazira alichagua yangu. Ya Valter inasema Kireno kitupu, na Bi Ancha alisema hana umri wa kuanza kuomba ruhusa kwa Kireno. Lakini kuna sharti, alilitamka mbele ya wote: programu ya Nafisa itavaa upau wa mfumo, leo na siku zote. Nikaahidi. Nikaweka mkono kifuani.

Nimekuwa técnico! Mama amepika wali wa nazi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekutana na Valter sokoni. Alinipa mkono. Alisema hongera, mana, bati limekupendeza.

Nimerudi nyumbani bila nyanya nilizotumwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimefikiri kwa utulivu mkubwa. Nimekubali kosa langu, na nimeliona lilipo hasa: nilikuwa mmoja dhidi ya wengi. Bi Ancha alichanganyikiwa kwa kuwa dirisha langu lilitofautiana na mengine. Dunia ingekuwa na upau wa namna moja, asingepotea.

Niliahidi kwamba programu yangu itavaa upau wa mfumo. Ahadi ni ahadi, nami si mtu wa kuvunja. Hakuna aliyesema upau wa mfumo uweje.

Mchana nilichukua ufunguo kwa mlinzi. Sasa mfumo mzima unavaa upau wangu: programu yangu, saa, barua, kikokotoo. Hata programu ya Valter, kabla sijaifuta, niliiona imepakwa msiro, nikaihurumia. Unavutwa vizuri, nimeujaribu. Vitufe viko kushoto, vimejificha.

Nimeweka na nenosiri, asije mtu akaurudisha ule wa bati. Bi Ancha yuko Olumbi kwa arusi ya mpwa wake, harudi mpaka Alhamisi asubuhi, kabla tu ya matangazo ya saa nne. Nitamweleza akishakaa.