Jembe la Kwenye Barua

Rafiki zangu wa chuo cha ualimu, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima, tena nikiwa nimevaa viatu vya kanisani.

Chanzo ni barua. Binti yangu Nakunda, aliye kidato cha tatu, alitaka kuomba kazi ya likizo katika duka la ujamaa la kijiji chetu, huku mlimani juu ya Same. Angeikosa, likizo nzima angeimaliza Lembeni kwa shangazi yake, akifukuza ngedere shambani. (Ngedere wa Lembeni hawamheshimu mtu.) Asubuhi alinionyesha maombi yake: "Naomba kazi ya dukani. Najua hesabu na najua kupima." Basi!

Niliona barua hiyo iko uchi. Nikaivika. Nikaweka kujitegemea, nikaweka ujenzi wa taifa, kisha, ili kuipa uzito, nikaandika: "Mwombaji amelelewa na mama ambaye, pamoja na elimu yake, hakosi msaragambo, na kwa jembe huwa mstari wa mbele."

Nakunda akasoma. "Mama, jembe lipi?"

"Wewe nakili kwa mwandiko mzuri."

(Jembe lipo. Linazuia mlango wa banda la kuku.)

Tulipoipeleka, pembe ilikuwa imekwisha kulia. Ilikuwa siku ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji, na watu wote walikuwa wamesimama kando ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, tayari kuzoa tope kwa pamoja. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbwambo, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu duka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo barua."

Akaisoma kwa sauti. Yote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akaikunja taratibu.

"Mama Nakunda, mstari wa mbele ni ule pale."

Nikapewa jembe. Katika msaragambo wetu, aliye mbele ndiye anayepanga mwendo. Akiinua, wote huinua. Niliinua mara chache, kijiji kikainua. Nikapumzika. Kijiji kikapumzika.

"Mwalimu, tunakusubiri!" akaita mama mmoja nyuma yangu.

Nikapiga kwa nguvu zote za aibu. Jembe likazama topeni. Nikavuta, halikuja. Nikavuta tena, kwa heshima yote ya taaluma yangu. Likachomoka ghafla, nami nikaketi ndani ya tope hadi kiunoni, mkoba ungali begani.

Kijiji kizima kikashusha majembe.

Kisha bibi mmoja akauliza kwa upole, "Mwalimu ameketi. Na sisi tuketi?"

Nadhani kicheko kile kilisikika hadi stesheni ya Same.

Nakunda akafunga kanga juu ya gauni lake, akalitoa jembe mkononi mwangu, akaanza kuchimba kama alivyofundishwa na bibi yake. Mwendo ukarudi. Kazi ilipokwisha, Mzee Mbwambo akamwita.

"Barua hii katunga nani?"

"Mama."

"Na wewe ulitaka kusema nini?"

"Najua hesabu na najua kupima."

"Ah! Hiyo ningeielewa tangu mwanzo. Jumatatu uje dukani."

Kwa hiyo kazi imepatikana, ngedere wamesalimika, nami nawaomba msicheke. Nakunda sasa anasoma kila ninachoandika kabla sijakitia kwenye bahasha. Barua hii yenu ameipitisha, baada ya kufuta aya nilimoeleza jinsi nilivyolima vizuri kabla ya kuanguka.