Kampeni Yangu na Mgomba wa Kaburini

Jumatano, 20 Novemba 2024

Kampeni zimeanza. Nimesimama njia panda na kanga mpya. Nimesema yangu bila karatasi, maana shule sikuiona hata geti lake. Herufi nilifundishwa na mwinjilisti nikiwa nanyonyesha mtoto wa tatu.

Nimewaambia: mimi ndiye mwenyekiti wenu wa kitongoji, mnanijua. Chemchemi nimeifunika, ng'ombe hawakojoi tena ndani. Njia ya zahanati nimeisimamia, siku hizi mjamzito anafika kabla mtoto hajatoka. Na mnyauko! Ulipoingia kwenye migomba, nani alipita shamba kwa shamba? Nani aliwalazimisha mng'oe kila mgomba mgonjwa, mpitishe panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, wala msipeane machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa? Mlinitukana hadi mama yangu kaburini. Leo mnakula. Mkinirudisha: daraja la mtoni, choo cha shule, na mnyauko hautakanyaga hapa tena.

Wamepiga makofi. Kisha akasimama Elipidius, mnunuzi wa kahawa, anayekitaka kiti changu. Amesema huyu bibi anajua kung'oa tu, kupanda hajui. Watu wamecheka. Hata Placidia kacheka, kwa aibu, mkono mdomoni.

Placidia simlaumu. Ni jirani yangu, mjane, na kibanja chake cha migomba nilikimaliza chote. Siku ile alikumbatia mgomba akilia, nikamkumbatia yeye, tukalia pamoja, kisha nikaung'oa. Tangu hapo wanawe wanakula kwangu. Ardhi yake sasa imepumzika. Anasubiri miche safi kutoka kwa Bwana Shamba, na anaisubiri kama mtu anavyosubiri mtoto.

Nimerudi nyumbani. Mgomba ulio kichwani pa kaburi la marehemu mume wangu, mzee Rwezaura, una jani la njano. Ni jua. Mvua imenyesha wiki nzima, lakini ni jua.

Alhamisi, 21 Novemba

Majani mawili ya njano. Yamelegea kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.

Nimekata shina kidogo tu, kuangalia. Umetoka utomvu wa manjano, mzito. Nimeufuta kwa kanga. Ukatoka tena. Mawe, mama yangu! Nimekaa chini kando ya kaburi nikamuuliza Rwezaura kwa nini ananifanyia hivi wiki ya kampeni. Hakujibu. Hata alipokuwa hai ilikuwa hivyo hivyo.

Nikiung'oa leo, moshi na kelele vitawaita wote. Watasema mnyauko uko kwa mwenyekiti mwenyewe. Kiti kwaheri. Nikisubiri mpaka Jumatano ijayo, siku ya kura, nang'oa nikiwa mwenyekiti. Wiki moja tu! Ugonjwa nao una adabu zake.

Mpango: nimeyakata yale ya njano. Nimekwenda kwenye migomba mizima ya nyuma ya jiko, nikakata majani mabichi, nikayafunga juu ya mgonjwa kwa kamba za migomba, yakaning'inia hadi chini. Ukiwa mbali huoni kitu. Panga sikulipitisha kwenye moto. Kiberiti kilikuwa ndani, na mgongo unauma.

Ijumaa, 22 Novemba

Elipidius anapita nyumba kwa nyumba akiahidi kuwa chini yake hakuna mgomba utakaong'olewa. Hakuna! Hata ukioza! Watu wanampa viti wakalie, yeye na ujinga wake.

Nimekasirika. Nimetangaza pale chemchemini kuwa kesho kitongoji kizima kije kwangu, kuna rubisi, pombe yetu ya ndizi, na chakula. Wamepiga vigelegele. Nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka chakula kitaliwa wapi. Kwangu! Hatua chache kutoka kaburini!

Nimekimbilia kanisani kuomba uwanja. Mchungaji amesema kwa upole kuwa rubisi haiingii uwanja wa kanisa. Nikamkumbusha harusi ya binti yake. Amesema ile ilikuwa soda. Ile soda ilimwimbisha, nami nikamsaidia kuimba.

Basi. Lile bango langu kubwa, lenye uso wangu, nimelifunga kati ya miti miwili mbele ya kaburi. Sasa mimi mwenyewe nauficha mgomba, natabasamu.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku mbaya.

Wamekuja wengi, kunywa kwanza. Placidia alikuja mapema kunisaidia kumenya ndizi, na wanawe wote. Sufuria zikachemka. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa hapa anafanya bila kuambiwa. Akachukua panga langu, akaenda kwenye migomba kukata majani ya kufunikia chakula. Akapita nyuma ya bango.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu mwaka ule nyuki waliponifukuza. Nimemnyang'anya panga mbele ya watu wote na kumpigia kelele aondoke pale. Ameduwaa. Ameniuliza amenikosea nini, mama. Vikombe vya watu vikabaki hewani.

Nikasema mzee Rwezaura aliacha mwiko, mwanamke mwingine asikate jani kaburini kwake. Uongo mtupu. Rwezaura hakuwahi kukataza mwanamke kitu.

Elipidius naye alikuwepo, anakunywa rubisi yangu bila haya. Amesema kwa sauti: jamani, mwenyekiti ana wivu hata na marehemu! Wamecheka mpaka wakamwaga rubisi.

Wakati wanacheka, mbuzi wangu amepita chini ya bango na kula majani yote niliyoyafunga. Mpumbavu huyo.

Placidia ameondoka bila kula. Nimempelekea chungu kizima jioni. Amepokea kwa mikono miwili, amesema asante, hakunitazama. Bora angenitukana.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani benchi langu nimekaa peke yangu. Nje nimesikia wanawake wakisema mwenyekiti amezika kitu kaburini, kitu cha kufungia kura. Wengine wanasema ni kichwa cha kondoo. Neno hilo Elipidius hakulianzisha yeye, lakini hakulizima.

Nimewaza. Kulimaliza neno hilo ni rahisi, niwafungulie waone. Wataona mnyauko. Nikinyamaza, wataendelea kuogopa.

Nimeamua waogope. Mtu anayeogopwa anapigiwa kura. Wakati wa kutoka nimewakazia macho wawili watatu, nikatikisa kichwa polepole. Mmoja ameniamkia shikamoo mara mbili. Inafanya kazi!

Lakini watoto wa Placidia hawakuja kula leo. Uji wao umepoa jikoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Gideon amefika. Gideon ndiye Bwana Shamba, kijana mpole, buti kubwa kuliko yeye. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mimi mwenyewe nilimwomba tangu masika aje apige picha shamba langu, liwe mfano kwa kata nzima.

Nimemwambia mwenye shamba anaumwa. Ameniuliza mwenye shamba si wewe, bibi? Nikasema ndiyo, anaumwa sana. Nimekohoa. Amenihurumia, amesema atarudi baada ya uchaguzi. Nimemuuliza miche ya Placidia iko wapi. Amesema inachelewa, avumilie, asipande kitu cha kuokota.

Kwangu mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni ninayemfukuza. Kwa haraka ya kumwondoa nimemkatia mkungu uliokuwa karibu. Ulikuwa umeanza kuiva wenyewe upande mmoja, mzuri. Amenishukuru, ameufunga kwenye pikipiki.

Alipokunja kona ndipo nikatazama nimekata wapi. Mungu wangu. Mkungu wa kaburini.

Jumanne, 26 Novemba

Amerudi asubuhi. Mkewe alipasua ndizi, ndani kahawia, zimeoza. Hakunifokea. Bora angefoka. Amesema tu, bibi, hata wewe?

Amekuja na watu wenye majembe na mapanga. Ameuliza panga langu nilipitisha wapi. Nimemwonyesha migomba ya nyuma ya jiko. Amefumba macho kidogo. Wamepiga mstari, upande wote umekwenda. Migomba aliyoipanda Rwezaura kabla ya watoto kuzaliwa. Ilianguka kwa sauti ya mtu mzito anayekaa chini.

Elipidius naye amekuja. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alivua shati, akachukua panga, akang'oa na wenzake, na kila baada ya mgomba mmoja alilipitisha panga kwenye moto. Kama nilivyowafundisha mimi! Kila shina lililoanguka nilitamani aniambie neno moja baya, nimjibu.

Kaburi la mzee sasa liko juani, uchi. Nimelifunika kwa bango langu. Sina kingine.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepiga kura. Nimejipigia mwenyewe, nikajikazia na macho.

Jioni wametangaza. Elipidius. Watu walikuwa wapole kwangu, kama watu wa msibani. Amekuja kunipa mkono, amesema mama, nitakuja kukuuliza mambo. Nimemwambia shati lake limepinda kola. Nimemnyooshea. Kisha nimekwenda nyuma ya jiko, ambako hakuna tena nyuma ya jiko, ni udongo tu, nimelia mpaka kanga ikalowa.

Alhamisi, 28 Novemba

Placidia amekuja na watoto. Amenipikia yeye, kwangu. Amesema kura yake alinipa mimi, maana ndimi niliyewalisha wanawe. Nimemwambia ni mjinga, nimemkumbatia, sikumwachia mpaka ugali ukaungua.

Baada ya kula amekitazama kibanja chake kitupu, kisha changu. Amesema sasa tumelingana, mama. Akajaribu kucheka. Neno hilo limenichoma hapa kifuani. Mtoto wa watu amesubiri kiasi gani? Miche ya Gideon itafika lini?

Sasa, hili simwambii mtu. Jumanne, kabla hawajafika kaburini, nilichomoa machipukizi mawili pale pale miguuni pa mgomba wa mzee. Mawili tu! Mabichi, manene, majani kama upanga. Nimeyaficha kwenye kapu chini ya kitanda. Ugonjwa uko kwa mama, watoto wana kosa gani? Mwenye macho anaona ni mazima.

Moja nimelifukia karibu na mlango wa jiko. La pili nimempa Placidia. Amepiga magoti akanishukuru. Tumelipanda wenyewe katikati ya kibanja chake, pale ardhi ilipopumzika vizuri kuliko kwingine. Nimeshindilia udongo kwa mikono yangu, watoto wakamwagia maji, wakaimba.

Miaka mitano si mingi. Wataona wenyewe nani alirudisha ndizi kitongojini. Elipidius ajiandae.